Naomba ushauri: sosi ya nyanya ya kuhifadhi kwenye chupa

Wakuu habari za majukumu. Nipo Dodoma, nauza chakula. Nyanya zikishuka bei pale Majengo natamani ninunue tenga zima, nipike sosi ya kukaa miezi, maana zikipanda hazishikiki.

Shida yangu ya kwanza ni maji. Waitaliano wanatumia San Marzano, ndefu, nyama nyingi, mbegu chache. Hizi zetu za mviringo ukizisaga unabaki na supu, na mkaa unaisha sosi haijashika. Mama mmoja jirani anazikata, anazikamua mbegu, anatia chumvi na kuziacha kwenye chujio hadi maji yatoke ndipo anabandika. Ladha inabaki kweli, au inaondoka na yale maji? Na kati ya aina zetu za Tanya na Tengeru 97, ipi ina nyama zaidi?

La pili ndilo linanitisha. Nimesoma kuwa nyanya nyingine pH yake (kipimo cha uchachu) inavuka 4.6, yaani uchachu hautoshi kuzuia vijidudu hatari ndani ya chupa, kwa hiyo kila chupa ya nusu lita itiwe kijiko kikubwa cha maji ya limao ya dukani, kisha ichemshwe ikiwa imefungwa. Haya ya kukamua hayashauriwi kwa sababu uchachu wake haulingani. Wanaofanya biashara hii mnatumia nini, yale ya dukani au unga wa sitriki? Na hapa kwetu mwinuko unapita mita 1,100, maji yanachemka kabla ya nyuzi 100. Mnaongeza dakika ngapi?

Ketchapu sitaki, nataka ya kupikia.