Naomba ushauri: Denon DL-103 na transfoma ya 1:10 au 1:20?

Habari zenu wakuu. Nina katriji (kichwa chenye sindano ya kusomea santuri) ya Denon DL-103, ile iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya utangazaji wa NHK, shirika la utangazaji la huko. Sauti yake naipenda, ila umeme inaotoa ni kiduchu, milivolti 0.3 tu. Amplifaya yangu ina tundu la fono la MM peke yake (la katriji zenye umeme mkubwa zaidi), ohm 47,000, kwa hiyo inabidi nifungulie sauti mpaka mvumo unashindana na gitaa.

Nataka transfoma ya kupandisha umeme huo, mara 10 (1:10) au mara 20 (1:20). Fundi wangu anasema nichukue 1:20 nisiulize. Kwa hesabu zangu, 1:10 itaipa katriji mzigo wa ohm 470 (47,000 gawanya kwa 100, yaani 10 mara 10), na amplifaya itapata kama milivolti 2.8. Kwa 1:20 mzigo unashuka hadi ohm 118 hivi. Milivolti zinafika 4.5, si 6 kamili, maana katriji yenyewe ina ohm 40 ndani yake. 1:30 nimeshaiweka kando, ohm 52 ni kuikaba koo.

Waliosikiliza zote mbili kwa katriji hii hii: je, 1:20 inafifisha matoazi? Au 1:10 ndiyo inakuwa kali masikioni? Santuri zangu nyingi ni rumba na taarab za zamani zenye mikwaruzo, ukali wa ziada siutaki kabisa.

Halafu waya wa ethi wa kinanda cha santuri niufunge kwenye transfoma au kwenye amplifaya? Hapo kila mtu ananiambia lake.

Iliyotumika pia sawa, mfuko haujanona.