Laptopu haioni hotspoti ya simu yangu mpya, naombeni msaada

Mluguru Mpole:
Wakuu salama? Nina laptopu ya mtumba, core i3 ya siku nyingi kidogo, Windows 10, siku zote nairushia neti toka kwenye simu yangu ya zamani bila shida, sasa nimebadili simu nikachukua ya kisasa yenye 5G, nikiwasha hotspoti laptopu haiioni kabisa. Inaona waifai za majirani zote hadi ya lodge ya nyuma huko ila ya kwangu haimo. Simu ya mdogo wangu inaishika hiyohiyo hotspoti fresh tu. Nimezima nimewasha vyote, wapi. Kesho jioni natakiwa kutuma kazi ya chuo, na fundi wa hapa mtaani kashasema kadi ya waifai imekufa anataka elfu 45 abadilishe. Nimpe?

Jogoo la Shamba:
Virusi hao, piga Windows mpya mkuu

Nyuki Dume:
Nyie kila kitu piga Windows. Kadi iliyokufa ingeonaje waifai ya lodge? Usitoe hela mtoa mada.

Waya Mwekundu:
Hapo tatizo ni bendi, yaani masafa ambayo hotspoti inarushia. Simu nyingi za siku hizi hotspoti zinairusha kwa gigahezi 5, na laptopu nyingi za zamani kadi zake zinasikia 2.4 tu, ni kama kutafuta stesheni ya FM kwenye redio ya AM, hata uilalie simu hutaipata. Ya mdogo wako inashika kwa sababu inapokea bendi zote mbili. Hakikisha kwanza, fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri, litafute kwenye Start) andika netsh wlan show drivers halafu tafuta mstari wa "Radio types supported", ukikuta 802.11b, g na n tu, hakuna a wala ac, basi hiyo ni ya 2.4 peke yake. Kisha kwenye simu ingia setingi za hotspoti, pale palipoandikwa band (kuna simu wameandika AP band) weka 2.4 GHz.

Mluguru Mpole:
Kweli nimekuta b g n tu. Nimeweka 2.4 imetokea, ila nikiingiza paswedi inagoma, inaandika "Can't connect to this network". Na paswedi iko sahihi nimeikagua herufi kwa herufi.

Waya Mwekundu:
Rudi hapohapo kwenye hotspoti angalia Security (aina ya ulinzi wa paswedi), kama iko WPA3 shusha WPA2. WPA3 imekuja 2018, kadi ya umri huo wala haiijui. Ukishabadili, kwenye laptopu lifute jina la hotspoti (Forget) ndio uunge upya. Usije ukaiacha wazi bila paswedi, kama unakaa hosteli watakula bando lote kabla hujafungua hata email.

Mama Wawili:
Mdogo wangu kama muda umekubana achana na waifai, chomeka simu kwa waya wa USB kisha washa USB tethering, neti inaingia na simu inachaji. Ila waya uwe wa kupitisha data, hizi za buku mbili nyingine zinachaji tu.

Mluguru Mpole:
IMEKUBALI wakuu, ilikuwa WPA3!! Fundi atanisamehe. Ila mbona bando linayeyuka hivi, sijafungua chochote zaidi ya Word

Nyuki Dume:
Windows inajishushia apdeti hiyo. Settings, Network & Internet, Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti washa "Set as metered connection", hapo Windows inajua neti ni ya bando inapunguza kujishushia. Ukija kubadili jina la hotspoti uwashe tena maana itaona ni mtandao mgeni.

Kobe wa Prisons:
Nadandia hapohapo, natumia iPhone 13 na laptopu ya ofisini haiioni, setingi ya bendi sioni popote

Waya Mwekundu:
@Kobe kwa iPhone 12 na kuendelea imeandikwa "Maximize Compatibility", iko ndani ya Personal Hotspot, ukiiwasha inashuka 2.4, spidi itapungua kidogo. Na usitoke kwenye huo ukurasa mpaka laptopu iunge, ukitoka huwa inajificha.

Jogoo la Shamba:
Mimi bado nasema virusi