Tumbo kujaa gesi kila jioni, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanga, Kigoma mjini. Mwezi wa tatu sasa tumbo linanijaa gesi karibu kila siku. Asubuhi naamka liko sawa, ila ikifika saa kumi jioni limetuna kama ngoma, inabidi nifungue kifungo cha suruali nikiwa kwenye cherehani. Jana mama mmoja aliyeleta kitenge akaniuliza, "Baba, leo umekula nini?" Nikacheka tu.

Mchana nakula ugali wa muhogo kwa maharage ya mawese, au samaki wa migebuka. Nakula haraka haraka huku nashona (najua ni kosa), halafu nashushia soda. Siku za migebuka napata nafuu, kwa hiyo maharage nayashuku. Mama watoto ameanza kuyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kabla ya kupika. Gesi imepungua kidogo, haijaisha. Chai ya tangawizi inanipa mbweu tu.

Zahanati nilipewa dawa za vidonda vya tumbo bila kupimwa chochote. Dozi nimemaliza, hola. Sijapungua uzito, sitapiki, choo hakina damu, ila huwa zinapita siku mbili tatu sijapata choo.

Waliopitia hali hii, mlianza na kipimo gani? Kile cha choo cha kuangalia bakteria wa H. pylori (wale wanaoleta vidonda vya tumbo) kitanisaidia, au kwanza niache maziwa? Maana chai yangu ya asubuhi ni maziwa matupu, na hiyo bado sijajaribu kuiacha.