Vikaratasi kwenye kontena la chakula la mtoto: wewe humwandikia nini? Tupeane uzoefu

Mama Chapati (mleta uzi)
Habari zenu wana jamvi. Basi la shule humpitia mwanangu saa 11 na nusu alfajiri huku Mbagala, na saa hiyo kwetu hakuna wa kuongea na mwenzake. Yeye anasinzia, mimi nakimbizana na chapati na chupa ya uji. Kwa hiyo nilichotaka kumwambia nakiandika kwenye kikaratasi, nakibandika juu ya kontena, anakikuta wakati wa mapumziko. Yuko darasa la tatu. Nikiandika "soma kwa bidii", kinarudi kama kilivyokwenda. Nikiandika "leo shati lako limenyooka kuliko la baba yako", anarudi na jibu kwa nyuma: "baba amesemaje?" Wazazi wenzangu mnaandika nini? Na wenye watoto ambao hawajajua kusoma mnafanyaje? Uzi tayari, tiririkeni.

Bint Mrima
Mimi nachota kwenye kanga. Wangu yuko darasa la tano, anapenda mafumbo. Niliposikia anachungulia majibu ya hesabu ya jirani yake, kesho yake nikamwekea "Usisafirie nyota ya mwenzio". Hakusema neno, ila alielewa, maana alinuna hadi usiku. Wiki ya matokeo mabaya nikamwekea "Japo sipati tamaa sikati", hiyo akaibandika kwenye jalada la daftari. Angalizo tu: chagueni. Kanga nyingine ni vita vya wake wenza, usimpelekee mtoto wa watu akawaulize walimu maana yake.

Kiguu na Njia
Mimi dereva wa malori, Dar kwenda Lubumbashi. Kabla sijaondoka naacha bahasha ya vikaratasi kwa mama watoto. "Baba amelala Makambako, baridi kali, amevaa lile sweta ulilolicheka." "Baba yuko Kapiri Mposhi anakula nshima, ni ugali tu huu." Mwanzoni niliviandika kwa siku, Jumatatu hiki, Jumanne hiki, lakini foleni ya Tunduma na ya Kasumbalesa haina kalenda. Mtoto anasoma kwamba nimeshaingia Kongo, kumbe bado nipo Nakonde naota jua. Sasa naandika mahali tu, mama yake ananipigia jioni, akijua nilipo ndipo anachomoa kinachohusika. Binti anaitaja njia nzima kwa mpangilio, Ndola haikosei.

Mjukuu wa Mihogo
Mambo ya wadhungu haya. Sisi tulibeba mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa Rambo, hakuna aliyetuandikia chochote, na darasa la saba tulifaulu.

Mama Chapati
Mkuu, na ile hela ya kashata bibi aliyokufungia kwenye pindo la leso, alikwambia ni ya nini?

Mjukuu wa Mihogo
Hapo umenipata. Naendelea kusoma comenti.

Ticha Darasa la Kwanza
Niwape ya darasani. Januari wananiletea niwasomee. Miezi ikienda wanataka kusoma wenyewe, hapo ndipo mwandiko wa mzazi unapowaangusha. Andikeni herufi zilizoachana, sentensi moja, silabi nyepesi. "Mama anakupenda" anaisoma peke yake na anatembea darasa zima kuionyesha. "Nakutakia mafanikio mema" inamgomea kwenye "nakutakia", anakikunja anakula. Zenye ng' na nyw subirini kwanza.

Na mitihani ya taifa ya darasa la nne na la saba ikikaribia, jamani, punguzeni "nategemea A zote". Mtoto anakisoma hicho huku ameshika kitumbua, na kitumbua hakiishi. Mwandikieni jioni mtakula nini.

Jingine. Wasioandikiwa wanaona. Kuna mmoja alianza kujiandikia mwenyewe kwa mwandiko wa kuiga ukubwa, anakificha kwenye kopo lake halafu "anakikuta". Sikumwambia kitu. Siku nikikusanya madaftari kusahihisha, kwenye lake naongeza mstari mmoja chini ya alama. Nawaomba, kama mwanao ana rafiki wa dawati moja, andika viwili.

Mama Chapati
Ticha hapo mwisho umenimaliza. Kesho viwili.

Fundi Vitumbua
Tip ya ufundi: andika kwa penseli. Wino wa kalamu ukipata mvuke wa chakula cha moto unatambaa hadi kwenye chapati. Na kisiguse chakula, weka nje ya kontena au kwenye mfuko wa kibegi.

Mama Uvira
Sisi tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, leo tuko Ohio. Wanangu wanakula cha shule, lakini Ijumaa nawafungia sambusa na kikaratasi cha Kiswahili. Nyumbani wanajibu Kiingereza kila ninachosema. Kikaratasi wanakipenda kwa sababu pale mezani hakuna mwingine anayeweza kukisoma. Mkubwa sasa anarudisha majibu, anaandika "mama sambusa ilikua tamu leta ingine". Siisahihishi.

Baba Kidato
Wangu kidato cha pili aliniambia "mzee acha, washikaji wananicheka". Sikuacha. Nauli yake ndiyo naikunjia humo. Hawezi kupanda daladala bila kukifungua.

Mama Kuku
Mleta uzi uliuliza kuhusu wasiojua kusoma. Wangu yuko chekechea, kwa hiyo nachora. Tatizo sijui kuchora, nikianza simba au tembo mwisho wake anatoka kuku. Nikaamua awe kuku kweli. Jana kuku alipanda bodaboda, leo ana mwavuli. Mtoto akishuka kwenye basi hasalimii, anaanza kunieleza kuku alikuwa anakwenda wapi.

Kiguu na Njia
Mkuu weka picha ya huyo kuku, nimchore kwenye lori.