Kujaribu kawaida baada ya kisu au kupanga kisu cha pili? Waliopitia nisaidieni

MamaKiki_Mbagala
Habari za saa hizi wapendwa. Nina mimba ya wiki 31, ya pili. Ya kwanza Kiki alitanguliza makalio nikapasuliwa, sasa ana miaka mitatu na kitu. Juzi kliniki daktari kaniambia njia ziko mbili, nisubiri uchungu nijaribu kuzaa kawaida au tupange oparesheni wiki ya 39, nikafikirie nirudi na jibu. Mama mkwe anasema ukishapigwa kisu mara moja ndo basi tena, kila mimba kisu. Mume wangu anaogopa anataka tupange tu. Mimi natamani sana kawaida maana ile ya kwanza wiki mbili nzima siwezi kuinama kumbeba mtoto, na safari hii kuna Kiki wa kukimbizana naye. Ila naogopa mshono kuachia. Nyie mlichagua nini na mliangalia nini?

binti_wa_Pongwe
Hongera mama Kiki. Mimi nilijaribu na ikawa. Uchungu ulianza saa nne usiku, saa sita tuko hospitali, nesi kanifunga mkanda wa mashine tumboni wa kusikiliza mapigo ya mtoto, usiku kucha nasikia kwata kwata kwata kama farasi, na ile sauti ndo ilinipa moyo kuliko maneno ya mtu yeyote. Saa moja asubuhi mtoto huyo. Nilichanika kidogo chini nikashonwa, mchana wake nikaenda kuoga kwa miguu yangu. Ukilinganisha na kisu ni mbingu na ardhi.

Neema_Moro
Mimi mwenzio nilijaribu ikagoma. Nilifika sentimita saba njia ikakataa kuongezeka, mapigo ya mtoto yakaanza kushuka wakanikimbiza thieta. Mtoto mzima na mimi mzima namshukuru Mungu, ila nisikufiche, kisu cha haraka baada ya masaa 14 ya uchungu ni kigumu kuliko kile cha kupanga. Kidonda kilitoa usaha, nikawa narudi kusafishwa kila siku wiki mbili. Kwa hiyo usilinganishe kawaida na kisu tu, kuna na hiki cha katikati, uchungu wote halafu kisu juu yake. Ukikubali kujaribu ukubali na hicho moyoni mapema, mume naye ajue.

mkunga_wa_zamu
Mimi ni mkunga, niko leba miaka 11. Mama mkwe usimlaumu, hata madaktari walikuwa wanasema hivyo hivyo, ule msemo uliandikwa na daktari Edwin Cragin wa New York mwaka 1916, enzi ambazo kizazi kilikatwa kwa urefu. Siku hizi wengi wanakatwa kwa upana sehemu ya chini na pale panaunga vizuri zaidi. Sasa dada, kitu cha kwanza kabisa tafuta karatasi uliyopewa wakati unaruhusiwa. Kovu la nje halisemi la ndani! Mtu ana kovu zuri la upana kwenye ngozi kumbe kizazi kilikatwa kwa urefu, huyo hajaribu, anapangiwa kisu.

Kwa mama mwenye kisu kimoja cha upana, mwongozo wa Uingereza unasema katika 100 wanaojaribu kama 72 mpaka 75 wanazaa kawaida, na kizazi kuchanika ni kama mmoja kwa 200. Ni wachache ila ikitokea ni dakika, na hesabu hizo ni za mahali penye thieta na damu masaa yote. Kwako sababu ilikuwa mlalo wa mtoto, siyo njia kukataa, na nafasi kati ya mimba na mimba ni nzuri, hayo yote yako upande wako kama huyu wa sasa ametanguliza kichwa. Uliza pia kwenye ultrasaundi kondo limekaa wapi, likikaa chini juu ya kovu mazungumzo yanabadilika kabisa.

Na nakuomba sana, usinywe mitishamba ya kuongeza uchungu, na asitokee mtu wa kukupa misoprostol kuanzisha uchungu, kizazi chenye kovu hakitakiwi kulazimishwa hivyo. Ukisikia maumivu kwenye kovu yasiyoachia hata uchungu ukipoa, au damu, au uchungu unakata ghafla, piga kelele hapo hapo.

mama_watatu_Nakuru
Mimi nilichagua kupanga na sijutii. Nilikuwa nataka watoto wawili tu kwa hiyo walinifunga mirija hapo hapo. Lakini kama unataka wanne watano fikiria, kila kisu kinaongeza hatari ya kondo kunasa kwenye kovu mimba inayofuata. Hilo nilielezwa wazi kabisa na daktari.

Baba_Wawili
Mimi baba. Swali langu kwa mume wa huyu dada, kutoka Mbagala mpaka hospitali usiku wa mvua ni muda gani? Sisi tulihamia kwa shemeji karibu na hospitali kuanzia wiki ya 37, na ndugu wawili walishachangia damu kabla. Hofu yangu iliisha hapo.

MamaKiki_Mbagala
Jamani asanteni nimelia. Karatasi nimeipata, ilikuwa kwenye begi la nguo za Kiki za uchanga chini ya kitanda, imekunjika lakini inasomeka, na jirani yangu nesi kanisomea, kizazi kilikatwa kwa upana chini. Mtoto kichwa kipo chini kwa sasa. Mume kasoma ya baba wawili kimya kimya, akaondoka kwenda kuongea na dada yake anakaa Temeke. Jumatano narudi kliniki na karatasi yangu. @mkunga_wa_zamu, hapa ninapohudhuria usiku daktari wa oparesheni anaitwa kutoka kwake, hakai pale. Niombe rufaa?

mkunga_wa_zamu
Omba Jumatano hiyo hiyo mdogo wangu. Kama unajaribu, uwe pale anapolala daktari.