Kalsiamu ikizidi aksoni zinasimama, ikipungua zinasimama. Kwa nini?

neva_mpya: Wakuu, naomba msaada. Neuroni za hipokampasi ya panya, siku ya 2 tangu kupandwa. KCl (kloridi ya potasiamu) ikiongezwa kwa milimola 45 (jumla 50), ncha za ukuaji (sehemu za mbele za aksoni zinazosonga) zinasinyaa na aksoni, yaani nyuzi ndefu za neuroni, zinasimama. Ikiwekwa BAPTA-AM mikromola 20 ili kuikamata kalsiamu ya ndani, zinasimama vilevile. Sasa kalsiamu inakuza au inazuia? Rangi ya kuonyesha kalsiamu ni Fluo-4 AM mikromola 5, saa 1, nyuzi 37.

Sinapsi: Inafanya yote mawili, inategemea kiwango. Ndani ya seli iliyotulia kalsiamu huru ni takriban nanomola 100, nje ni milimola 1 hadi 2. Ncha ya ukuaji husonga vizuri kiwango kikiwa cha wastani. Kikishuka mno, mashine ya aktini (nyuzi za protini zinazoisukuma ncha) inakosa amri. Kikipanda mno kwa muda mrefu, kimeng'enya cha kalpaini kinaanza kukata protini zinazoishikiza ncha chini, na kimeng'enya cha kalsinurini kinaondoa fosfati kwenye GAP-43, protini ya ukuaji wa aksoni.

KCl milimola 50 inaushusha umeme wa utando hadi karibu milivolti −27. Mifereji ya kalsiamu ya aina ya L inafunguka seli nzima kwa pamoja. Hiyo si ishara tena, ni mafuriko. Jaribu mfululizo wa KCl wa jumla ya milimola 10, 15, 20 na 25.

Halafu kuna jambo linalosahaulika: je, NaCl ilipunguzwa kwa kiasi kilekile? Kama hapana, osmolariti (wingi wa chembe zilizoyeyuka) imepanda kwa karibu miliosmoli 90, na hilo peke yake linaweza kuisinyaza ncha. Weka sahani ya ulinganisho yenye NaCl milimola 45 za ziada, bila KCl.

Mikrotubuli: Naongeza: upande na chanzo vina uzito kuliko wastani wa seli nzima. Kalsiamu ikipanda sana upande mmoja wa ncha, CaMKII (kimeng'enya kinachoongeza fosfati) inatawala na aksoni inageukia huko. Ikipanda kidogo tu, kalsinurini inashinda na aksoni inakwepa. Kalsiamu inayotoka kwenye ghala la retikulamu kupitia vipokezi vya rayanodini huelekeza kwenye mvuto.

Ukiitumia rayanodini yenyewe, dawa iliyovipa vipokezi hivyo jina, angalia dozi: kiasi kidogo huuacha mfereji wazi nusu, mikromola 100 huufunga. Wengi huandika «tuliziba» kumbe walifungua.

Mapigo nayo, yaani kupanda na kushuka kwa ghafla kwa kalsiamu, yahesabiwe. Kwenye neuroni za uti wa mgongo za kiinitete cha chura Xenopus, kadiri mapigo ya kalsiamu kwenye ncha yanavyokuwa mengi, ndivyo aksoni inavyokwenda polepole. Picha moja kila dakika 5 haitakuonyesha chochote.

Lenzi60: Kipimo chenyewe kina kasoro. Fluo-4 ni ya ukoo wa BAPTA, kwa hiyo nayo inakamata kalsiamu, na aina ya AM (esta inayoiwezesha kupenya utando) hujilimbikiza ndani ya seli kupita kiasi ulichoweka nje. Mikromola 5 kwa saa nzima inayafuta mapigo unayoyatafuta, na kwenye nyuzi 37 rangi nyingi huingia kwenye oganeli (viungo vidogo vya ndani ya seli). Tumia mikromola 1 au 2, Pluronic F-127 (ya kusaidia rangi kuyeyuka) asilimia 0.02, dakika 20 hadi 30 kwenye joto la chumba, osha, kisha subiri dakika 30 esta ikatike.

Fluo-4 ina urefu mmoja wa wimbi, hivyo ncha nyembamba itaonekana hafifu hata kama kalsiamu yake ni sawa na ya mwili wa seli. Rangi ya Fura-2 kwa uwiano wa 340/380 inaondoa tatizo la unene.

Dozi ya BAPTA-AM ishushe, na ulinganishe na EGTA-AM, ambayo nayo inakamata kalsiamu lakini polepole. BAPTA ikizuia na EGTA isizuie, ishara inatendeka karibu kabisa na mdomo wa mfereji.

neva_mpya: Asanteni. Nikitaka kufunga aina ya L, nifedipini inafaa?

Lenzi60: Inafaa gizani. Mwanga wa UV na wa bluu unaivunja, kwa hiyo chini ya hadubini utafikiri mifereji imekataa dawa. Chukua nimodipini.