Nimeuziwa bakuli la majoka kuwa la enzi ya Kangxi, sasa muuzaji agoma kurudisha fedha

Wanajukwaa, nafungua uzi huu kwa hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale mtandaoni aliniuzia bakuli la kauri la Kichina, lenye majoka ya kijani juu ya rangi ya manjano, akathibitisha kwa maandishi kwamba lilitengenezwa Jingdezhen, mji wa China unaosifika kwa kauri, katika utawala wa mfalme Kangxi, yaani kati ya 1662 na 1722. Nilipompinga, alileta hoja mbili tu: majoka yana kucha tano, na chini ya kitako kuna herufi sita za Kichina zinazotaja utawala huo.

Kucha tano zilikuwa alama ya mfalme, sikatai, lakini leo mchoraji yeyote huzichora apendavyo. Herufi nazo zimenakiliwa na Wachina wenyewe kwa karne nyingi, hata mafundi wa zama hizo hizo za Kangxi waliandika kwenye vyombo vyao alama ya Chenghua, mfalme wa nasaba ya awali ya Ming aliyetawala hadi 1487, na kufikia mwisho wa karne ya 19 alama ya Kangxi ikawa inaandikwa kwenye vyombo vipya chungu nzima. Anayetoza bei ya vitu vya kale hawezi kudai kwamba hana habari.

Tuliache hilo, tutazame chombo chenyewe. Katika mabakuli halisi ya aina hii, mara nyingi joka lilichorwa kwa ncha kali kwenye udongo mbichi, na rangi zikaja baadaye, zikachomwa kwa moto mdogo kuliko ule wa kwanza. Langu halina mchoro wowote chini ya rangi. Kwenye lenzi, magamba ya joka ni vinukta vilivyopangwa sawasawa, yaani chapa ya mashine. Ile rangi ya uzee kwenye ukingo wa kitako ilitoka yote kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, ukabaki udongo mweupe pe.

Nilimtumia picha zote. Alijibu kwamba kila mtaalamu ana maoni yake, kisha akadai kuwa muda wa kurudisha mali umepita, ilhali hati yake ya uhalisi (aliyoitia saini yeye mwenyewe!) haitaji ukomo wowote.

Nadai fedha zangu zote pamoja na gharama za usafirishaji. Aliyeuziwa bakuli la namna hii kwa hati ya namna hii aweke hapa picha za kitako na ukingo, nipate kuziambatisha kwenye malalamiko ninayowapelekea wasimamizi wa soko hilo.